VITA VYA MEZANI: NDOVU WA RAPHIA NA MCHEZO WA ASKARI WADOGO

Wasikilizaji wetu, mtu akipita jioni katika mji wowote wa pwani, toka Lamu hata Kilwa, hakosi kuwaona wazee wamekaa barazani na bao katikati yao, na watu wamewazunguka wakitazama. Kete sitini na nne zatembea katika mashimo thelathini na mawili, na mwenye akili huila mali ya mwenziwe hata mwenziwe asiwe na la kucheza. Hakuna mtu aumiaye wala nyumba ichomwayo, lakini aliyeshindwa huondoka na uzito moyoni kama jemadari aliyekimbia.

Sataranji nayo ni vita vilivyotiwa ubaoni. Ilizaliwa Bara Hindi, na jina lake la kwanza, chaturanga, maana yake ni viungo vinne, yaani viungo vinne vya jeshi la Kihindi la zamani: askari wa miguu, wapanda farasi, magari ya vita, na ndovu. Mchezo huo ulipita Uajemi, ukapita Uarabuni, ukafika Ulaya na kwetu pwani. Na njiani vipande vyake vikabadilika sura, hata Waingereza wakamgeuza ndovu kuwa askofu. Waarabu hawakumbadili, nao humwita fil hata leo.

Leo twataka kunena habari za mchezo wa tatu, ambao labda wengi wenu hamjapata kuuona. Ni mchezo wa kupigana mezani vita vya watu wa kale, yaani Wamisri, Wayunani, Warumi, Waajemi na wengineo, kwa askari wadogo wa risasi, bati au plastiki, waliopakwa rangi mmoja mmoja. Wako watu wazima, wenye kazi na watoto, ambao hutumia saa zao za jioni kwa kazi hiyo. Watu wengine huwacheka. Wengine huuliza swali lililo zito zaidi: je, ni haki kuufanya mchezo mahali ambapo watu wa kweli walimwaga damu? Swali hilo hatutalijibu kwa maneno matupu. Tutachukua pigano moja la kweli, tulitie mezani, kisha tutazame meza imetufundisha nini, na imetuficha nini.

ASILI YA MCHEZO

Kutengeneza askari wadogo si jambo la jana. Katika mji wa Asyut, huko Misri ya Juu, palionekana kaburi la mkuu mmoja aitwaye Mesehti, aliyeishi yapata miaka 2000 kabla ya Kristo. Ndani yake mlikuwa na vikosi viwili vya sanamu za mti, zimesimama safu kwa safu juu ya mbao: Wamisri 40 wenye mikuki na ngao, na Wanubi 40, watu wa nchi ya kusini, wenye pinde na mishale. Wote wametanguliza mguu wa kushoto kana kwamba wamo safarini. Sanamu hizo zilipelekwa katika makumbusho ya Cairo. Hazikuwa za kuchezea, maana ziliwekwa kaburini zimtumikie mkuu huyo baada ya kufa kwake. Lakini ni miongoni mwa majeshi madogo ya zamani kabisa yaliyobaki duniani, nasi twaona kwamba nusu ya jeshi hilo ni wapiga upinde wa Nubi.

Mchezo wenyewe wa vita, wenye sheria zilizoandikwa, ulianzia Ujeremani. Mwaka 1780 mwalimu mmoja wa Braunschweig, jina lake Johann Christian Ludwig Hellwig, alitoa kitabu cha mchezo uliotokana na sataranji, lakini wenye ubao mkubwa sana, na miraba yenye rangi mbalimbali kuonyesha milima, mito, misitu na nyumba. Mwaka 1824 afisa kijana wa mizinga wa Prussia, Georg von Reisswitz, akiendeleza kazi ya baba yake, aliiacha miraba akatumia ramani ya kweli. Kila upande ulimwandikia mwamuzi amri zake, mwamuzi akapima mwendo wa vikosi, na madhara ya risasi yakaamuliwa kwa dadu. Mkuu wa majemadari wa Prussia, Müffling, alipouona alikiri kwamba huo si mchezo tu, bali ni mafunzo ya vita, akaamuru ugawanywe katika jeshi. Tangu hapo majeshi mengi yamefundisha maafisa wao kwa njia hiyo.

Basi mwaka 1913 mwandishi wa Kiingereza H. G. Wells alitoa kitabu kidogo kiitwacho Little Wars. Yeye alitaka watu wa kawaida wacheze nyumbani, sakafuni, kwa askari wa watoto na mizinga midogo inayorusha vijiti. Mwisho wa kitabu chake alisema kwamba mchezo huo ni bora mara nyingi kuliko jambo lenyewe, na kwamba mtu akiucheza mara chache tu atafahamu jinsi vita vikubwa vilivyo upumbavu. Mwaka uliofuata, 1914, vita vikubwa vikaanza.

Baada ya vita vya 1939 hata 1945 mchezo ulichipuka upya, na mara hii wako walioelekeza macho yao kwa watu wa kale. Mwingereza Tony Bath alikusanya majeshi ya zamani akatunga sheria zake. Mwaka 1962 Donald Featherstone, ambaye mwenyewe alikuwa askari wa vifaru katika vita vya pili, alitoa kitabu War Games, na ndani yake akatia sheria za Bath za vita vya kale. Mwaka 1965 Bath alianzisha chama cha Society of Ancients, na gazeti lake likapewa jina la Slingshot, yaani kombeo. Mwaka 1969 kundi la Wargames Research Group, ambalo Phil Barker alikuwa mmoja wa wakuu wake, lilitoa sheria za vita vya kale zilizotumiwa na watu wengi mno. Na mwaka 1990 zikatoka sheria fupi ziitwazo De Bellis Antiquitatis, maana yake kwa Kilatini ni habari za vita vya kale.

NAMNA UNAVYOCHEZWA

Tueleze sheria hizo fupi, kwa maana ndizo rahisi kuzifahamu. Kila mchezaji ana vikosi kumi na viwili tu. Kikosi ni kibao chembamba kilichobandikwa askari wanne, au wapanda farasi watatu, au ndovu mmoja na waongozaji wake. Askari wa kimo cha milimita 15 huchezewa juu ya meza ya mraba wa futi mbili. Juu ya meza huwekwa vilima, mto, au kichaka, maana mahali pa kupigania ni nusu ya pigano.

Zamu yako ikifika, hutupa dadu moja. Ukipata sita, waweza kuvisogeza vikosi sita au makundi sita yaliyoshikamana; ukipata moja, ni kundi moja tu litakalokusikia, na wengine watasimama kama walivyo. Anayeanza kujifunza huchukizwa na sheria hii. Husema, mimi ni jemadari, mbona askari wangu hawanitii? Lakini aliyesoma habari za vita vya kale hushangilia, kwa kuwa jemadari wa siku zile hakuwa na simu. Alikuwa na sauti yake, tarumbeta, na mjumbe juu ya farasi. Na mjumbe huanguka, na tarumbeta haisikiki katika makelele.

Vikosi viwili vikikutana, kila mchezaji hutupa dadu na kuongeza nguvu za kikosi chake. Aliyepata kidogo hurudi nyuma. Aliyeshindwa maradufu huondolewa mezani. Mkuki mrefu una nguvu mbele ya farasi, mpiga upinde humsumbua ndovu, na kila aina ya askari ina kinga yake na udhaifu wake. Anayepoteza vikosi vinne kwanza, hali mwenziwe amepoteza vichache kuliko yeye, ameshindwa. Yote hayo hutimia kwa muda wa kama saa moja.

PIGANO LA RAPHIA

Sasa na tutie mezani pigano la Raphia. Raphia ndio Rafah ya leo, mpakani pa Misri na Gaza. Pigano hilo lilikuwa tarehe 22 Juni, mwaka 217 kabla ya Kristo. Upande mmoja alikuwa Antiochus wa Tatu, mfalme wa Shamu na nchi za mashariki. Upande wa pili Ptolemy wa Nne, mfalme wa Misri. Wote wawili walikuwa vijana wa asili ya Kimakedonia, wazao wa majemadari waliogawana milki ya Alexander. Waligombea nchi ya Shamu ya kusini.

Mwanahistoria Polybius ametuachia hesabu yao. Ptolemy alikuwa na askari wa miguu 70,000, wapanda farasi 5,000, na ndovu 73. Antiochus alikuwa na askari wa miguu 62,000, wapanda farasi 6,000, na ndovu 102.

Twapenda mwangalie sana habari za ndovu hao. Wa Antiochus walitoka Bara Hindi. Ptolemy hakuweza kuwapata hao, kwa kuwa njia ya Hindi ilikuwa mikononi mwa adui yake. Basi babu yake, Ptolemy wa Pili, alikuwa amewatuma watu kusini, pwani ya Bahari ya Shamu, katika nchi ambazo leo ni Sudan na Eritrea, wajenge mji wa wawindaji. Ukaitwa Ptolemais ya Uwindaji. Ndovu walikamatwa hai, wakapakiwa katika merikebu zilizotengenezwa kwa kazi hiyo, wakapelekwa kaskazini hata Berenice, kisha wakavukishwa jangwa hata mto Nile. Kwa hiyo ndovu wa Afrika, waliotekwa katika mbuga zao, walipigana na ndovu wa Hindi kwa ajili ya wafalme wawili wa Kimakedonia, katika mchanga wa Gaza.

Polybius asema kwamba ndovu wa Afrika waliogopa harufu na sauti ya ndovu wa Hindi, na ukubwa wao pia. Wataalamu walishangaa, kwa sababu ndovu wa mbugani wa Afrika ni mkubwa kuliko wa Hindi, wakadhani wa Ptolemy walikuwa wale wadogo wa msituni. Lakini mwaka 2014 ulitolewa uchunguzi wa damu ya ukoo wa ndovu waliobaki Eritrea, ukaonyesha kwamba hao ni wa mbugani. Basi sababu ya woga wao si lazima iwe ukubwa. Yamkini walikuwa wachache mno, 40 mbele ya 60 upande ule uliopigana zaidi.

Na sasa habari ya siku yenyewe. Majeshi yalikuwa yamekaa siku kadhaa yakitazamana. Usiku mmoja Theodotus, aliyekuwa zamani mtumishi wa Ptolemy kisha akamgeuka, alinyemelea na watu wawili hata hema la mfalme ili amwue. Mfalme alikuwa amelala mahali pengine. Akafa tabibu wake. Hatimaye Ptolemy akapanga majeshi yake, na dada yake Arsinoe akapita naye mbele ya safu akiwatia moyo askari.

Wafalme wote wawili walisimama upande mmoja wa uwanja, uso kwa uso: Ptolemy kushoto kwake, Antiochus kulia kwake. Ndovu wakaanza. Waliokubali kupigana walifungamanisha pembe zao wakasukumana kwa nguvu zote, hata mmoja alipougeuza mkonga wa mwenziwe na kumpata ubavuni akamchoma. Lakini wengi wa Ptolemy waligeuka nyuma, wakawaangukia askari wao wenyewe. Wahenga walisema kwamba wapiganapo tembo, nyasi huumia. Na nyasi za siku ile zilikuwa walinzi wa mfalme wa Misri.

Hapo Antiochus akazunguka na wapanda farasi wake nje ya ndovu, akawavunja wapanda farasi wa Ptolemy, akawafukuza. Alikuwa kijana, na damu imemchemka, akawafuata mbali. Wakati huo huo, upande wa pili wa uwanja, Echecrates, jemadari wa Ptolemy, aliona kwamba ndovu wake hawataki hata kukaribia. Hakuwalazimisha. Aliwazunguka na farasi wake akaishambulia ncha ya adui, akashinda. Basi kila jeshi likawa limeshinda mkono mmoja na kushindwa mkono mmoja.

Katikati zilibaki zile safu nene za mikuki mirefu, ya futi kumi na nane au zaidi, ambazo Wayunani huziita phalanx. Ptolemy alikuwa ametoroka kwa farasi akajificha nyuma ya safu zake. Kumbe hakukimbia uwanja. Alijitokeza mbele, watu wake wakamwona, na adui wakamwona pia. Mikuki ikainamishwa, na safu za Misri zikasonga. Askari wa Shamu hawakumwona mfalme wao popote. Wateule wao walikaza kwa kitambo kidogo. Wengine wakavunjika upesi.

Antiochus alikuwa bado akifukuza, akidhani kwamba kwa kuwa ameshinda yeye, jeshi lote limeshinda. Mzee mmoja katika watu wake ndiye aliyemwonyesha vumbi: lilikuwa likitoka kwenye safu za mikuki na kuelekea kambini mwake. Akageuza farasi akaja mbio, asikute kitu cha kuokoa. Alipotelewa na askari wa miguu karibu 10,000, na wengine zaidi ya 4,000 wakatekwa.

MEZA YAFUNDISHA NINI

Mwanafunzi akilisoma pigano hili kitabuni, husema upesi: Antiochus alikuwa mpumbavu. Hiyo ndiyo hatari ya kusoma historia tukiujua mwisho wake. Twamhukumu mtu kwa nuru ambayo yeye hakuwa nayo.

Meza hututoa katika kiburi hicho kwa hesabu tu. Antiochus alikuwa na watu 30,000 wa mikuki mirefu. Tukiwapanga watu kumi na sita kwenda nyuma, kama ilivyokuwa desturi, mstari wa mbele utakuwa na watu 1,875. Tukimpa kila mtu nafasi ya futi tatu, mstari huo utakuwa na urefu wa futi 5,625, na maili moja ni futi 5,280. Yaani safu za katikati peke yake zilizidi maili, kabla hatujawahesabu askari wepesi, ndovu na farasi wa mikono miwili. Mchezaji aliyeinama juu ya meza huona yote kwa mara moja, kama mwewe angani. Antiochus alikuwa juu ya farasi, katika jua la Juni, na makumi ya maelfu ya miguu yakitimua mchanga. Hakuweza kuona. Vumbi ndilo lililokuwa barua yake ya pekee, na alihitaji mzee wa kumsomea.

Jambo la pili ni lile la kufukuza. Katika sheria nyingi za mezani, kikosi cha farasi kilichoshinda hulazimishwa kuendelea mbele, apende asipende mwenye kukichezea. Watungaji wa sheria waliweka hivyo kwa sababu ya mapigano kama la Raphia. Mchezaji hujifunza, kwa uchungu wa kushindwa mbele ya rafiki zake, kwamba kushinda upande mmoja si kushinda, na kwamba askari mwenye thamani kuliko wote ni yule awezaye kurudi aitwapo. Ndovu nao katika sheria hizo ni silaha yenye makali pande mbili. Akirudi nyuma huharibu cha kwetu.

Jambo la tatu ni kwamba mwisho ungaliweza kuwa mwingine. Katika Society of Ancients wako wanaokutana siku moja kwa mwaka, wote wakapigana tena pigano lile lile la kale, kila meza kwa sheria zake, kisha wakalinganisha. Mwalimu Philip Sabin wa chuo cha King's College London alifanya vivyo hivyo kwa njia ya kitaalamu katika kitabu chake Lost Battles cha mwaka 2007, alipotia katika mchezo mapigano 35 ya kale ili apime hesabu za waandishi wa zamani. Kazi kama hiyo huonyesha kwamba historia haikuwa reli iliyotandikwa tayari. Ilikuwa njia panda nyingi, na katika kila njia panda alisimama mtu mwenye hofu.

Walimu wenzetu wasio na askari wa bati wasisite. Mchanga wa uwanja wa shule, punje za mahindi kwa upande mmoja na za maharage kwa upande wa pili, na mawe machache kwa ndovu, vyatosha kuionyesha Raphia kwa darasa zima. Mtoto aliyesogeza punje kwa mkono wake hasahau upesi.

MEZA YAFICHA NINI

Lakini sasa twafika kwenye swali tulilolianza, na hapa hatuna budi kusema kweli.

Kwanza, meza haina kiu. Ptolemy aliwaongoza watu wake kutoka Pelusium, kando ya jangwa, akafika karibu na Raphia siku ya tano. Watu na wanyama wapatao makumi ya maelfu walihitaji maji kila siku, na maji hayo yalichukuliwa na mtu. Wapagazi hao hawana kibao mezani. Sisi wa Afrika ya Mashariki twapaswa kulitambua jambo hili kuliko wengine, maana vita vya 1914 hata 1918 katika nchi zetu vilichukuliwa vichwani mwa wapagazi, na wengi mno walikufa kwa njaa na maradhi wala si kwa risasi. Jina la Kariakoo, mjini Dar es Salaam, latokana na kikosi chao.

Pili, meza haina maumivu. Askari aliyeondolewa hurudishwa sandukuni, akapigana tena wiki ijayo. Kikosi kimoja mezani huwa badala ya mamia au maelfu ya watu. Mkono ulioondoa kikosi hauoni kitu. Hilo si dhambi ya mchezo, maana hakuna aliyeumia. Bali ingekuwa dhambi ya mchezaji kusahau. Tena twaona kwamba Wells na Featherstone, waliojenga mchezo huu, hawakuwa watu wa kuvitamani vita. Mmoja alivichukia kwa akili yake, na mwingine alikuwa ameviona kwa macho yake.

Tatu, na hili ndilo kubwa, meza humpa mtu thamani kabla hajapigana. Katika jeshi la Ptolemy walikuwamo Wamisri wenyeji 20,000 waliofundishwa mkuki mrefu. Kabla ya hapo wafalme hao wa Kimakedonia hawakuwategemea wenyeji katika safu zao za mikuki. Kazi hiyo ilikuwa ya Wayunani na Wamakedonia. Lakini hatari ilipokaribia, waziri Sosibius aliwaandikisha wakulima wa Nile, akawapa silaha na walimu, huku akiwachelewesha wajumbe wa Antiochus kwa maneno matamu ili apate nafasi ya kuwafundisha. Katika baadhi ya orodha za majeshi zinazotumiwa na wachezaji, Wamisri hao huandikwa kuwa dhaifu kuliko wenzao wa asili ya Kiyunani, hata kabla dadu haijatupwa. Twafahamu sababu: walikuwa wapya, na mwenye kutunga sheria lazima akadirie. Lakini Polybius hasemi kwamba walivunjika. Farasi wa mfalme walivunjika, walinzi wake walivunjika, ndovu wake walikimbia. Safu za katikati ndizo zilizosimama, na Wamisri walikuwamo. Ushindi ulitoka hapo.

Tena meza hukoma jua linapotua siku ya pigano. Aliyeshinda huandikiwa ushindi, vibao vikakusanywa. Katika Misri ya kweli habari ndiyo kwanza ilianza. Ptolemy alisifiwa, na makuhani wakamtolea tangazo lililochongwa katika jiwe kwa maandiko ya namna tatu. Jiwe hilo lilionekana mwaka 1923. Lakini wale wakulima walirudi vijijini mwao. Walirudi kwenye kodi zile zile na chini ya wakubwa wale wale, ila wao hawakuwa wale wale. Polybius asema kwamba kuwapa silaha kulimfaa mfalme kwa siku ile, kukamdhuru kwa siku za mbele. Kwa kuwa walijivunia Raphia, hawakukubali tena kuamriwa, wakatafuta mtu wa kuwaongoza. Maasi yakazuka. Mwaka 205 kabla ya Kristo mji wa Thebes ulimtawaza mfalme wake mwenyewe, Mmisri aitwaye Haronnophris, na baada yake Ankhwennefer. Misri ya Juu ilitoka mikononi mwa akina Ptolemy kwa muda wa karibu miaka ishirini, hata mwaka 186.

Basi jibu letu ni hili. Mchezo huu si upuuzi, nao si kosa. Humfundisha mtu kupima ardhi, kuhesabu watu, kuvumilia dadu mbaya, na kutomcheka Antiochus. Asiyepata kuona jinsi pigano linavyoharibika mikononi mwa mtu mwenye akili atasoma historia kama orodha ya wenye heri na wapumbavu. Lakini anayecheza na asome pia. Akimaliza kuondoa vikosi vyake mezani, na afungue kitabu, aulize walikwenda wapi wale waliobaki hai, na walirudi nyumbani na fikira gani. Aliyefundishwa kusimama safuni kwa ajili ya mfalme, akajiona amesimama pale ambapo mfalme mwenyewe alikimbia, hawezi kusahau jambo hilo kwa sababu tu ameambiwa arudi shambani.